Mtoto Hasubiri Rufaa

Msichana aliyeingia Kidato cha Kwanza nchini Kenya mwaka 2014 alifanya mtihani wake wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, mwishoni mwa 2017. Mgogoro wa hijabu katika shule ya St. Paul Kiwanjani, kaunti ya Isiolo, ulianza Juni 2014, na Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, ikatoa uamuzi wake Januari 2019. Kama msichana huyo alikuwapo pale mambo yalipoanza, basi alikuwa amekwisha kuivua sare kwa zaidi ya mwaka mmoja majaji walipoketi kusoma hukumu. Na hukumu yenyewe haikumwambia kama alikuwa na haki ya kujifunika kichwa darasani au hakuwa nayo.

Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha mabishano yote ya sheria na imani katika shule zetu. Tunabishana kuhusu kitambaa, nywele na siku ya ibada, na wanasheria wetu ni hodari wa kubishana. Lakini shule ina kalenda yake, mahakama ina kalenda yake, na anayepondwa katikati ni mtoto ambaye miaka yake ya sekondari haiji mara mbili.

Kiwanjani ni shule ya umma, mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Isiolo ni mji ambako Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu wanakutana sokoni na darasani, na adhana na kengele husikika mtaa mmoja. Katika hafla ya shule mwezi huo wa Juni, naibu gavana wa kaunti aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya kawaida. Ombi likazua mvutano na vurugu shuleni. Maafisa wa elimu walipoelekea upande wa kuruhusu, kanisa likakimbilia Mahakama Kuu kupinga. Mzazi mmoja wa wasichana wa shule hiyo, Mohamed Fugicha, akaingia katika kesi kutetea hijabu, na jina lake ndilo lililobaki katika vitabu vya sheria.

Machi 2015, Jaji Makau wa Mahakama Kuu alikubaliana na kanisa. Hoja yake inaeleweka na watu wengi wataiona ya haki: sare ni ya wote, na kuwaruhusu wanafunzi wa dini moja kuvaa tofauti ni kuwapendelea dhidi ya wenzao. Septemba 2016, majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, Philip Waki, Roselyn Nambuye na Patrick Kiage, waliipindua hoja hiyo. Walisema kuwatendea watu kwa usawa si lazima kuwatendea namna moja. Kanuni inaweza kuandikwa kwa maneno yasiyomtaja mtu yeyote, na bado mzigo wake ukamwangukia mmoja.

Hebu tuutazame mzigo huo kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapopotezana. Shule ikisema hakuna kufunika kichwa, msichana Mkristo anayeketi dawati la mbele hapotezi kitu; hakutaka kufunika kichwa tangu mwanzo. Msichana Mwislamu anayeketi nyuma yake anapewa mambo mawili achague: aache anachoamini Mungu amemwagiza, au aache shule. Kanuni ni ile ile, sentensi ni ile ile, ukuta ule ule wa ofisi ya mwalimu mkuu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliona mbali kuhusu jambo hili. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na katika orodha ya misingi inayokatazwa, pamoja na dini, imani na utamaduni, kimetajwa pia kitu kinachovaliwa mwilini: mavazi. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe nafasi ya kuingia katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani au dini yake.

Mahakama ya Rufaa iliiagiza bodi ya shule irekebishe kanuni zake ili ziwe na nafasi ya wenye imani kama hiyo, na ikaelekeza macho kwa Wizara ya Elimu iandae kanuni za nchi nzima. Kwa miezi kadhaa wazazi wengi wa Kiislamu waliamini suala limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Kanisa lilikata rufaa, na Mahakama ya Juu ikaona kwamba ombi la Fugicha liliingia mahakamani kwa mlango usio wake. Alikuwa mhusika mwenye maslahi katika kesi ya watu wengine, na mhusika wa namna hiyo hawezi kuanzisha kesi yake ndani ya kesi iliyopo. Kwa hiyo hukumu ya Mahakama ya Rufaa ikaondolewa. Majaji walio wengi walikiri kwamba suala la hijabu ni zito kwa taifa, wakashauri anayetaka kulifuatilia aanze upya Mahakama Kuu kwa utaratibu ufaao. Jaji Jackton Ojwang peke yake hakukubaliana nao.

Siwadharau majaji walioshikilia utaratibu. Mahakama isiyo na utaratibu ni hatari kwa kila mtu, na hasa kwa wanyonge. Lakini lazima tuseme wazi matokeo yake kwa aliye nje ya chumba cha mahakama. Baada ya miaka karibu mitano na ngazi tatu za mahakama, kanisa halikupata hukumu ya mwisho inayosema hijabu haifai, wazazi hawakupata hukumu ya mwisho inayosema inafaa, na agizo la kuandikwa kwa kanuni za taifa likafa pamoja na hukumu iliyolibeba. Uamuzi ulirudi pale pale ulipokuwa kabla ya Juni 2014: mezani kwa mwalimu mkuu.

Mwezi ule ule wa Januari 2019, mambo mengine yalikuwa yakiendelea Kibra, Nairobi. Msichana wa familia ya Kirastafari alikuwa amejiunga na Kidato cha Kwanza katika shule ya umma akiwa na rasta zake, amezifunika kwa kilemba. Shule ilimtaka azikate. Baba yake alikataa na kwenda Mahakama Kuu. Safari hii mambo yalikwenda tofauti kwa sababu moja ninayotaka msomaji aishike: mahakama iliamuru arudi darasani kwanza, kesi iendelee akiwa anasoma. Septemba 13 mwaka huo Jaji Chacha Mwita akatoa hukumu kwamba Urastafari ni dini inayostahili ulinzi kama dini nyingine, na kwamba kumfukuzia nywele ambazo ni sehemu ya imani yake ni kumnyima haki ya elimu.

Na miaka miwili kabla ya hapo, Machi 2017, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewapa haki wanafunzi Waadventista wa Sabato waliokuwa wakilazimishwa kuhudhuria masomo na mitihani Jumamosi. Walikuwa wameshindwa Mahakama Kuu. Rufaa ikasema shule zinaweza na zinapaswa kuwapangia namna ya kuishika Sabato yao tangu jua kutua Ijumaa hadi kutua Jumamosi.

Ukiziweka kesi hizi pamoja utaona mwelekeo wa majaji kila wanapoigusa hoja yenyewe: wanaelekea kumpa mtoto nafasi. Nami naukubali mwelekeo huo kwa moyo wote. Kinachonitia uchungu ni njia. Kila mtoto alihitaji mzazi mkaidi, wakili, nauli ya kwenda mahakamani na ujasiri wa kuonekana na jirani kuwa mtu wa kushtaki shule. Mzazi wa Garbatulla au wa Kwale anayeuza mboga ana lipi kati ya hayo? Yeye hufanya hesabu fupi. Anamvua binti yake hijabu langoni, au anamtafutia shule nyingine, au anamwacha akae nyumbani, na kwenye orodha ya wasichana walioacha shule sababu inaandikwa kuwa ni "umaskini" au "sababu za kifamilia".

Hapo tunafika kwenye mazoea ambayo sheria haiyaoni kabisa, nayo ni kutumwa nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo inagusa pia shule za sekondari, ni kali kuhusu kufukuza mwanafunzi. Kifungu cha 35 kinakataza kumfukuza mtoto, na kinaruhusu kanuni za kumwondoa mtukutu ambaye njia nyingine zote za kumrekebisha zimeshindikana, na hilo baada tu ya yeye na mzazi wake kusikilizwa. Hata huyo ni lazima apelekwe taasisi ya kumrekebisha, si kutupwa barabarani. Ni sheria nzuri. Lakini msichana mwenye kilemba hafukuzwi. Anaambiwa tu, "Nenda nyumbani, urudi ukiwa na sare kamili." Hakuna barua. Hakuna kikao cha bodi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba amesimamishwa masomo, na kwa hiyo hakuna uamuzi wa kukatiwa rufaa. Mzazi akienda ofisi ya elimu ya kaunti kulalamika, anaulizwa barua iko wapi. Akirudi shuleni kuiomba, anajibiwa kwamba mtoto hajafukuzwa, yeye mwenyewe ndiye haji. Danadana hizo zinaweza kula muhula mzima.

Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi wa kiutawala, na kuna Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inayofafanua haki hiyo. Mwalimu mkuu wa shule ya umma anapomgeuza mtoto langoni, anafanya uamuzi wa kiutawala, hata kama ameufanya kwa kidole tu. Natamani kila mzazi ajue jambo hili moja kuliko hadithi zote za mahakama: omba barua. Ukinyimwa, andika wewe. Eleza tarehe, jina la aliyemgeuza mtoto, maneno aliyosema, kisha peleka nakala shuleni na ofisi ya kaunti, upigiwe muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya mwenye ofisi afikirie mara mbili.

Sasa niwageukie wafadhili, kwa kuwa hapa pana historia inayostahili kuheshimiwa. Shule nyingi za umma nchini Kenya zilijengwa na makanisa, mawe kwa mawe, wakati serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kumsomesha Mwafrika zaidi ya kiasi. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule hizo chini ya dola, na makanisa yakabaki na hadhi ya wafadhili. Waumini wengi hadi leo wanahisi kwamba nyumba ni yao, ila funguo zilichukuliwa. Hisia hiyo ni ya kweli, na anayeipuuza hataelewa kwa nini kanisa lilikuwa tayari kwenda hadi Mahakama ya Juu kwa ajili ya kitambaa.

Lakini sheria imeupima uhusiano huo. Sheria ya 2013 inampa mfadhili viti vitatu katika bodi ya usimamizi, sauti katika mambo ya mtaala, na jukumu la kulea maisha ya kiroho ya shule. Na katika Kifungu cha 27 cha sheria hiyo, hapo hapo linapotajwa jukumu hilo la kiroho, imeongezwa kwamba atalitekeleza huku akilinda imani ya wale wa madhehebu na dini nyingine. Sharti hilo haliwezi kurukwa. Mfadhili anayelea imani yake kwa kuwabana wasio wake hatumii haki yake ya ufadhili. Anavunja sharti ambalo haki hiyo imefungwa nalo. Walimu wanalipwa kwa kodi ya Mwislamu na Mkristo na asiye na dini. Wanafunzi wanapangiwa shule na Wizara. Mara nyingi familia haikuichagua shule ya kanisa, imeitwa huko na kompyuta. Kumwambia mzazi kama huyo, "Kama hupendi kanuni zetu, mpeleke kwingine," ni kumnyima kile ambacho serikali imempa.

Kanuni hii inakata pande zote mbili, nami sitaki ipindwe. Shule ya umma iliyofadhiliwa na jumuiya ya Kiislamu huko Pwani au Kaskazini Mashariki haiwezi kumlazimisha msichana Mkristo kujifunika kichwa kwa sababu ndio desturi ya mahali. Haiwezi kumpeleka kwenye sala isiyo yake. Wanaotetea hijabu Isiolo wakinyamaza kuhusu jambo hilo Garissa, watakuwa wanatetea kundi lao tu, na hoja ya kanisa kwamba wanatafuta upendeleo itapata nguvu.

Walimu wakuu wana hoja yao, tena ya uzoefu. Wanasema sare ndiyo inayomficha mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini ndani ya kitambaa kimoja. Wanasema ukiruhusu hijabu leo utaombwa rasta kesho, hereni keshokutwa, na mwisho sare itabaki jina. Wanaogopa pia kugawanyika kwa wanafunzi, hasa katika mabweni ambako uhasama mdogo unaweza kuwaka moto, na Kenya inajua vizuri mabweni yaliyoteketea.

Kuhusu usawa wa tajiri na maskini, hijabu ya rangi ya shule, ya kitambaa kilichoamuliwa na shule, haiuvunji. Shule nyingi za Mombasa na Lamu zimeishi nayo miaka mingi. Zanzibar mtandio mweupe ni sehemu ya sare ya msichana katika shule za serikali, na hakuna anayedai kwamba nidhamu imeporomoka kwa sababu yake. Kuhusu fujo, naomba tukumbuke kilichoanzisha vurugu za Kiwanjani: ni kukataliwa kwa ombi na kukosekana kwa mahali pa kulijadili. Wasichana walioruhusiwa kuvaa na kuketi kusoma hawana la kuandamania.

Ile hofu ya mlango kufunguka na kila mtu kuingia ilijibiwa vizuri na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2007, katika kesi ya Pillay. Msichana wa familia ya Kihindu mwenye asili ya Tamil alivaa kipini puani katika shule ya Durban Girls' High, na shule ikasema kanuni za vito hazina msamaha. Jaji Mkuu Pius Langa hakuuliza kama dini yake inamlazimisha. Ilikubalika kwamba kipini kilikuwa cha hiari. Alichouliza ni kama msichana anaamini kwa dhati kwamba ni sehemu ya imani na utamaduni wake, na kama shule ingeumia kwa kumruhusu. Kuhusu hofu kwamba wengine watafuata, alisema watoto wengine wakijitokeza na imani zao walizokuwa wakizificha, hilo ni la kufurahiwa. Nasisitiza swali lile la dhati, kwa sababu shuleni kwetu bado anaitwa sheikh aje kuulizwa kama hijabu ni faradhi, au mchungaji aulizwe kama Biblia inakataza kukata nywele. Mwalimu mkuu si kadhi wala si askofu. Kazi yake si kupima kina cha fiqhi ya mtoto wa miaka kumi na minne.

Na katika kesi ya Pillay pia, mahakama ilipofika kuamua, msichana alikuwa amekwisha kuondoka shuleni.

Kuna nchi zilizochagua njia nyingine. Ufaransa ilipiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za umma kwa sheria ya Machi 2004. Huko wana historia yao ya kutenga dola na kanisa, na haikai juu ya Katiba inayotaja mavazi kwa jina. Uganda, Mahakama ya Juu mwaka 2006 iliwakatalia wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere waliolalamikia masomo na mitihani ya Jumamosi. Ilisema, kwa ufupi, chuo si cha dini yoyote, na wanafunzi walijiunga wakijua utaratibu wake. Hoja ya "ulijiunga ukijua" siipendi hata kwa mtu mzima wa chuo kikuu. Mtu hapotezi haki ya kikatiba kwa kutia saini fomu ya udahili. Lakini kwa mtoto wa sekondari haifai kabisa. Hakuchagua, hakutia saini yeye, na elimu yake sheria imeifanya kuwa ya lazima.

Mfano ninaoutamani ni wa Malawi. Watoto wa Kirastafari walikuwa wakikataliwa shule za serikali kwa miaka mingi kwa ajili ya nywele. Mei 2023 Jaji Zione Ntaba wa Mahakama Kuu hakuishia kuwapa haki waliofika mbele yake. Aliiagiza Wizara ya Elimu itoe tangazo kwa shule zote za serikali kwamba watoto wenye rasta wapokelewe. Tofauti na Kenya ni hiyo tu, nayo ni kubwa mno: mtoto anayefuata hahitaji wakili.

Jogoo House, makao ya Wizara ya Elimu ya Kenya, haihitaji kusubiri jaji wa namna hiyo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinampa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na kanuni hizo zinaweza kutoshea katika kurasa chache. Mbali na kusema kwamba mavazi na nywele za imani ya dhati zinaruhusiwa katika shule za umma, ni lazima ziseme nani anatakiwa kutoa maelezo. Kifungu cha 24 cha Katiba kimelijibu hilo: anayetaka kubana haki ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kuibana ni lazima na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi. Leo mambo yamegeuzwa juu chini. Mtoto ndiye anayesimama ofisini kueleza kwa nini anavaa, huku shule ikieleza tu kwamba ndivyo ilivyo. Shule ikiwa na sababu, iitoe. Ncha za mtandio karibu na moto wa maabara ni sababu, nayo inatatuliwa kwa kuzichomeka. Kumtambua mtahiniwa siku ya mtihani wa taifa ni sababu, na mwalimu wa kike anaweza kumtambua pembeni. Rangi, urefu na kitambaa ni mambo ya shule kupanga. Lakini "tutaonekana vibaya" na "mfadhili hatapenda" si sababu ambazo Katiba inazijua.

Shule za kibinafsi za kidini ni suala lingine, na sidhani linafaa kuingizwa katika kanuni hizi. Mzazi anayelipa karo kwa hiari katika seminari au madrasa iliyosajiliwa amekubali mengi zaidi, ingawa si yote.

Kubwa kuliko yote, kanuni hizo ziseme mtoto akae wapi wakati wakubwa wanabishana. Akae darasani. Bodi isikilize ombi la mzazi ndani ya siku chache zilizoandikwa, kaunti isikilize rufaa ndani ya siku nyingine chache, na muda wote huo daftari la mahudhurio lionyeshe yupo. Wanasheria watasema hilo linaipa familia ushindi kabla ya hukumu. Sikubaliani nao. Shule ikishinda mwishoni, itakuwa imevumilia kitambaa kwa muhula mmoja. Mtoto akishinda mwishoni baada ya kukaa nyumbani, hakuna jaji anayeweza kumrudishia hesabu za muhula huo. Kati ya madhara hayo mawili, moja linafutika na lingine halifutiki. Mahakama Kuu ililiona jambo hilo Januari 2019 ilipomrudisha msichana wa Kibra darasani kabla ya kusikiliza hoja, na kilichofanywa kwa amri ya jaji kwa mtoto mmoja kinaweza kufanywa kwa kanuni kwa wote.

Kila mwanafunzi mpya hupewa barua ya kujiunga na shule. Ina orodha ndefu: jozi za viatu, godoro, vitabu, karatasi za chooni, fomu ya daktari ya kujaza magonjwa na vyakula vinavyomdhuru. Shule zinamuuliza mzazi kama mtoto anadhurika na maziwa, kwa kuwa zinajua ni bora kujua mapema. Iongezwe hapo nafasi ya mzazi kuandika kama mtoto ana vazi, nywele, chakula au siku ya ibada ambayo shule inapaswa kuifahamu, na shule ilazimike kujibu kwa maandishi, ikiwa na sahihi na muhuri, kabla ya siku ya kuripoti, wakati mzazi hajalipa karo wala hajanunua sanduku.